Mto, Kasri au Jivu: muvi tatu za Kichina za upweke na mapenzi yaliyogoma, uanze na ipi?

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, Mchina wa kwenye muvi tunamjua mmoja tu: anapigana. Mwalimu wake kauawa, yeye kaenda mlimani kujifunza, karudi kulipiza, na mtafsiri kaziba sauti zote kwa mbwembwe zake. Halafu mwaka 2011 TBC wakatuletea ile tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake, imeingizwa sauti za Kiswahili kabisa, watu wakabaki wanashangaa, kumbe na wenzetu wanateswa na wakwe. Sasa kuna kundi la tatu ambalo wengi hatujalifikia, muvi wanazoziita huru, ambazo hakuna anayepigana wala hakuna mkwe, kuna mtu tu kakaa dirishani anavuta sigara, nje mvua, na anampenda mtu ambaye hapendeki.

Mimi hizo ndo ugonjwa wangu. Na kila nikizisifia naulizwa swali lile lile, sawa, naanza na ipi? Zamani nilikuwa najibu fasta bila kufikiria, nikaumbuka. Kuna rafiki yangu aliachika siku ya Jumanne, Ijumaa nikampa ile ndefu kuliko zote na yenye maumivu kuliko zote, akanipigia saa nane usiku hata salamu hakuna, anauliza tu "wewe una akili kweli?" Tangu hapo nimejifunza kuuliza kwanza mtu yuko kwenye hali gani.

Kwa hiyo leo nazilinganisha tatu. Zote drama, zote za Kichina, zote kuna penzi linaloharibika na mtu anayebaki peke yake, ila hazifanani hata kidogo na zikikukuta vibaya utaona uvivu mtupu.

Ni zipi hizo

Suzhou River ya mwaka 2000, kaiongoza Lou Ye. Humu ntaiita Mto. Summer Palace ya 2006, Lou Ye huyo huyo, hiyo ntaiita Kasri. Na Ash Is Purest White ya 2018, ya Jia Zhangke, hiyo Jivu.

Nikisema huru namaanisha nini, maana hili neno linatumika ovyo. China muvi ikitaka kuingia sinema lazima ipite kwa wakaguzi, wakiridhika ndo inapata kibali, na ukiangalia muvi zao zenye kibali utaona mwanzoni inatokea ile alama ya joka la dhahabu. Mto na Kasri hazikupita huko. Mto ilipelekwa tamasha la Rotterdam, ikashinda zawadi kuu, na Lou Ye akafungiwa miaka 2 asitengeneze muvi. Alipomaliza adhabu akarudi, miaka michache baadaye akarudia kosa kubwa zaidi, Kasri akaipeleka tamasha la Cannes mwaka 2006 bila ruhusa, na safari hii yeye na prodyuza wake Nai An wakala miaka 5. Sababu iliyotolewa ya kuikatalia ile muvi ilikuwa eti ubora wa picha na sauti hautoshi. Ndani ya hiyo muvi kuna wanafunzi wa Beijing wa mwaka 1989, kwa hiyo hilo suala la ubora wa sauti pima mwenyewe.

Jivu haiko hivyo na sitaki kudanganya mtu. Jia Zhangke muvi zake tatu za kwanza ndefu alizifanya kichinichini, lakini kuanzia 2004 akaingia kwenye mfumo wa vibali, na Jivu ilionyeshwa kwenye sinema za China kama kawaida. Naiweka hapa kwa sababu moyo wake bado ni ule ule wa mtaani, na kwa sababu ukiiacha nje unakosa stori ya mapenzi ambayo mashangazi zetu wangeielewa haraka kuliko zote.

Vigezo ninavyotumia

Sio nyota, sio zawadi. Naangalia muda na mwendo wake. Naangalia kama stori inafuatika ukiwa umechoka. Naangalia penzi limeharibikia wapi. Naangalia ni upweke wa aina gani, na hiki kwangu ndo kigezo kizito kuliko vyote, ntakielezea kwa kirefu. Na mwisho unaangalia na nani, maana kwetu sebule ni ya watu wote.

Muda na mwendo

Mto ni dakika 83 tu. Unaweza kuianza ukiwa umeinjika maharage na ukamaliza bado hayajaiva. Na haikai, kamera inatembea muda wote, inayumba, inageuka, kama mtu anarekodi na simu akiwa juu ya daladala. Ukiwa na kizunguzungu cha kamera usiikalie karibu.

Kasri ni dakika 140 na inakwenda kwa mapigo mawili. Nusu ya kwanza ina moto, mabweni, muziki, watu wanakimbia. Nusu ya pili miaka inaruka, miji inaruka, wahusika wanatawanyika, na hapo wengi ndo wanakata tamaa. Mimi nadhani hiyo nusu ya pili ndo muvi yenyewe ila siwezi kumlazimisha mtu.

Jivu ni saa 2 na robo hivi, na mwendo wake ni wa basi la mkoa. Linaondoka kwa wakati, linasimama sana, unafika.

Stori inafuatika?

Kwanza kabisa, hakuna DJ aliyezitafsiri hizi, sijaona. Utasoma maandishi ya chini, mara nyingi Kiingereza. Kwa hiyo ukiwa mtu wa kuangalia huku unachati, zitakupita.

Jivu ndo rahisi kufuatilia. Inaanza 2001 huko Datong, mji wa makaa ya mawe mkoani Shanxi, kaskazini. Qiao ni demu wa Bin, na Bin ni mkubwa wa kijiwe, sio tajiri ila anaheshimika, vijana wanamwita kaka. Kinachowaunganisha wale ni kitu wanaita jianghu, kwa neno kwa neno ni mito na maziwa, maana yake dunia ya watu wa pembeni wenye sheria zao, undugu wa kuapiana. Mwanzoni tu watu wawili wanagombania deni, mmoja anakana, Bin hapigi mtu, anaagiza iletwe sanamu ya Guan Gong, mungu wao wa uaminifu, anamwambia haya sema mbele yake. Jamaa anaiangalia ile sanamu, anakubali deni. Mtu aliyewahi kuona mtu kabadilisha maneno baada ya kuletewa msahafu hahitaji maelezo pale. Baada ya hapo stori inakwenda mbele mstari mmoja, 2001, 2006, mpaka karibu na 2018.

Kasri nayo inakwenda mbele, ila inakutegemea uwe unajua kidogo. Yu Hong anatoka Tumen, mji mdogo mpakani na Korea Kaskazini, anapata nafasi chuo Beijing mwishoni mwa miaka ya 80. Anampenda Zhou Wei. Inafika 1989, wanafunzi wanapanda malori kwenda kuandamana uwanja wa Tiananmen wakiimba, halafu usiku mmoja kila kitu kinavunjika. Muvi haikuelezei siasa yoyote, hakuna hotuba. Unaona tu vijana wanarudi chuoni gizani wanaitana majina. Ukiwa hujui kilichotokea Juni ile, kwamba jeshi liliingia na kuua watu, utadhani muvi imeruka kipande.

Mto ndo inachezea akili. Anayesimulia ni mpiga video, humwoni uso hata mara moja, unaona mikono yake tu, na unaona dunia kwa macho ya kamera yake. Jamaa anatafuta kazi kwa kuandika namba yake ukutani kwa rangi ya kupuliza, kama wale wa kwetu wa "mganga" na "tunanyonya majitaka". Anampenda Meimei, msichana anayefanya kazi baa moja Shanghai, kazi yake ni kuvaa mkia wa samaki na kuogelea ndani ya tangi la kioo wateja wakiwa wanakunywa. Halafu anatuletea stori ya mtu mwingine, Mardar, msafirisha vifurushi wa pikipiki, bodaboda tu kwa lugha yetu, aliyempenda msichana anaitwa Moudan, akamkosea vibaya, msichana akajirusha mtoni. Miaka inapita Mardar anarudi, anamwona Meimei, anaapa huyu ni Moudan. Na wote wawili kaigiza mtu mmoja, Zhou Xun. Sasa je, ni mtu mmoja au wawili? Au msimulizi ametunga tu Mardar mzima? Kuna dakika kama kumi pale katikati utasimamisha urudie nyuma. Rudia tu, hakuna aibu.

Penzi limeharibikia wapi

Hapa ndo muvi zinaachana njia.

Kwenye Mto penzi limeharibiwa na pesa. Baba yake Moudan anauza pombe, akileta wanawake nyumbani anamlipa Mardar ampeleke binti kwa shangazi yake, wasichana wa kwetu waliowahi kutumwa dukani kwa muda mrefu kupita kiasi wataelewa. Ndo wanapendana huko njiani, juu ya pikipiki. Halafu Mardar na wenzake wanamteka yule binti ili baba alipe. Sasa sikiliza, kinachomuua roho Moudan sio kutekwa. Ni pale anapojua bei waliyoitaja. Yaani alichukia kwamba kawekewa bei ndogo. Mimi nilisimamisha pale nikatoka nje kidogo, maana ni kitu kidogo cha kijinga na ndo kitu ambacho mtu aliyependa kwa moyo wote angekisema.

Kwenye Kasri hakuna wa kumlaumu, na hiyo inaudhi zaidi. Hakuna mzazi aliyekataza, hakuna umaskini wa kutisha, hakuna mchawi. Kuna Yu Hong mwenyewe. Kuna mahali anamwambia Zhou Wei tuachane, Zhou Wei anauliza kwa nini, anajibu kwa sababu siwezi kukuacha. Ukisoma hivi unaona ujinga, ukimwona Hao Lei, aliyemuigiza Yu Hong, anavyolisema unakaa kimya. Ni mtu anayeogopa kuhitaji mtu kiasi kwamba anamchoma kabla hajachomwa. Na Zhou Wei naye sio malaika, anamgeukia rafiki wa Yu Hong, Li Ti, na hilo linawatafuna wote watatu mpaka Berlin huko.

Kwenye Jivu penzi limeharibiwa na deni ambalo haliwezi kulipika. Usiku mmoja vijana wa pikipiki wanaizingira gari ya Bin katikati ya mji, wanampiga kichwa kwenye gari, karibu wamuue. Qiao anashuka na bastola, anapiga hewani. Mara moja, mara ya pili. Polisi wanamuuliza bastola ya nani, anasema yangu. Miaka 5 jela. Bin anatoka mapema zaidi, na siku Qiao anatoka getini hakuna mtu anayemsubiri. Anavuka nchi nzima mpaka Fengjie, mji wa kando ya mto Yangtze unaosubiri kumezwa na maji ya bwawa la Three Gorges, anamtafuta. Na Bin anajificha. Ana mtu mwingine, na hawezi hata kuja kumwambia kwa mdomo wake.

Kuna kipande cha hoteli huko Fengjie ambacho ndo sababu naiamini hii muvi. Hatimaye wamekutana, wamekaa kwenye kijichumba, mvua, wamekosa la kusema. Bin anawasha gazeti ndani ya beseni, moto unawaka pale sakafuni, anamwambia aruke juu yake. Ni mila yao, aliyetoka jela anavuka moto kuacha mkosi nyuma. Na Qiao anavuka. Sisi tuna kuoga maji ya majani, tuna kufukizwa, tuna kuvunjiwa nazi njia panda, kwa hiyo tunaelewa mara moja kinachofanyika pale: mwanaume aliyeshindwa kuja getini anajaribu kulipa miaka 5 kwa gazeti moja. Na anajua halitoshi, na yeye Qiao anajua.

Upweke wa aina gani

Watu wakisikia muvi ya upweke wanadhani ni mtu kukaa peke yake. Kati ya hizi tatu hakuna inayofanya hivyo. Zote zimejaa watu, baa, bweni, disko, mabasi. Ndo maana nasema chagua kwa kuangalia upweke wako unafanana na upi.

Upweke wa Mto ni wa anayetazama. Yule mpiga video yuko chumbani anaangalia dirishani Meimei akivuka daraja, anamwona, anamrekodi, na hamjui. Meimei anatoweka siku kadhaa, hajui yuko wapi, halafu anarudi. Na Meimei naye ana wivu na Moudan, msichana ambaye labda hakuwahi kuwepo, kwa sababu alitafutwa. Anataka naye atafutwe hivyo. Mtu yeyote ambaye amekaa anaangalia simu, anaona mwenzake yupo mtandaoni na hajibu, huo ndo upweke wa Mto.

Upweke wa Kasri ni wa mtu ambaye yuko na watu. Yu Hong haishiwi watu wa kulala nao, na baada ya kila mmoja anaandika kwenye daftari lake, sauti yake inasoma, na kila safari amekwenda mbali zaidi. Bweni lina vitanda vya ghorofa, mapazia, wasichana sita wanacheka, na yeye yuko nyuma ya pazia. Baadaye Beijing inaisha, marafiki wametawanyika, anahama mji baada ya mji, na kuna ile hali ambayo mtu anayeishi ughaibuni au aliyehama mkoa ataijua, kwamba watu waliokujua ukiwa na miaka 20 ndo peke yao waliokujua. Na kuna kifo humo, cha kujiua, kinakuja ghafla mchana kweupe bila muziki wa kukuandaa. Nasema mapema ili ajue anayetakiwa kujua.

Upweke wa Jivu ni wa mwaminifu. Wa yule aliyeshika sheria ambayo wenzake walishaiacha. Bin ndo alimfundisha Qiao habari za undugu na kuapiana, Bin akaanguka, Qiao akabaki peke yake anaishi kwa kanuni za kijiwe ambacho hakipo tena. Mbele ya mlima wa volkano nje ya Datong Qiao anasema kilichoungua kwenye moto mkali ndo kisafi kuliko vyote, jivu la volkano, na jina la muvi limetoka hapo. Kuna mama namfahamu, mume alimkimbia akiwa mzima wa afya akarudishwa akiwa mgonjwa, na yule mama alimpokea na kumuuguza na hakumsemesha. Nilipoona robo ya mwisho ya Jivu, Bin karudi kwenye kiti cha magurudumu na Qiao anamsukuma, nilimuona mama yule. Sitasema inaishaje.

Picha, sauti, waigizaji

Hapa sitakaa sana. Mto ni chafu kwa makusudi, maji ya kijivu, majengo nusu yamebomolewa, Shanghai kabla haijawa ile ya kwenye kalenda, na picha yake imesafishwa upya miaka ya karibuni, ikaonyeshwa tena tamasha la Berlin 2022, kwa hiyo tafuta hiyo usiangalie ile ya zamani iliyokaa kama imechovywa chai. Kasri ina mwanga wa taa za bweni na baridi ya asubuhi. Jivu ndo safi kwa macho, na picha za kwanza kabisa, abiria waliosinzia ndani ya basi, Jia alizirekodi kweli mwaka 2001 na kakamera kadogo, akazitunza.

Kwa waigizaji, Zhao Tao wa kwenye Jivu, ambaye pia ni mke wa Jia, anazeeka mbele yako bila kupakwa mvi za bandia. Mtazame anavyoshika chupa yake ya maji huko Fengjie. Ameibiwa hela kwenye meli, hana kitu, na ile chupa anaikamata kama silaha. Na kama ni mtu wa disko, kuna kipande wanacheza YMCA, kila mtu ana furaha, na bastola ya Bin inadondoka sakafuni katikati ya dansi. Qiao anaiona. Hakuna anayesema kitu kwa sekunde kadhaa, na wewe unajua tayari mambo haya yataishia wapi.

Unaangalia na nani

Kasri usiangalie sebuleni. Narudia, usiangalie sebuleni. Mimi niliiweka siku shemeji yangu kaja kututembelea, nikajiamini eti ni muvi ya wanafunzi, haikufika mbali nikawa natafuta rimoti chini ya mto wa kochi kama mtu anayezima moto. Ni utupu wa waziwazi, mwingi, na unarudi rudi. Sio wa kupamba, kwenye ile muvi ndo lugha pekee Yu Hong anayoijua, lakini jaribu kumwelezea hivyo shemeji.

Mto ina mambo ya wakubwa ila kwa kiasi, hakuna cha kukufanya uruke. Jivu ndo unaweza kuweka hata mama mkwe akiwepo, kuna vurugu na sigara nyingi, basi.

Mbona ile nyingine haipo?

Najua kuna mtu atauliza kwa nini sijaweka Long Day's Journey into Night ya Bi Gan, ya 2018 pia. Nimeitoa kwa sababu ni mtego. China waliitangaza kama muvi ya wapenzi kwenda kubusiana usiku wa mwaka mpya, ikatoka tarehe 31 Desemba, tiketi zikauzwa kwa fujo, watu wakaingia na wachumba zao, wakakuta ndoto ya mtu anayetembea gizani kwenye mji wa Kaili anamtafuta mwanamke wa zamani, na karibu saa nzima ya mwisho ni picha moja isiyokatwa. Watu walitoka wamenuna, siku ya pili mauzo yakaporomoka. Ni muvi nzuri sana. Ila ukiianza kabla ya hizi tatu utanichukia mimi, na mimi nimeshachoka kupigiwa simu saa nane usiku.

Sasa wewe uchukue ipi

Kama una usiku mmoja, bando ni la mawazo na hujawahi kuangalia muvi ya aina hii kabisa, Mto ni fupi na ina fumbo la kukushikilia, hata usipoelewa yote hutajuta dakika 83. Lakini kama ukichoka akili haitaki mafumbo, unataka mtu wa kumfuata toka mwanzo mpaka mwisho, basi fumbo lile litakukera, anza na Jivu.

Kama umetoka kuachwa wiki hii, Kasri subiri. Sio kwamba ni mbaya, ni kwamba itakubaliana na wewe kwa kila kitu, na mtu aliyeachwa hatakiwi kupata mtu wa kukubaliana naye. Mto nayo ina mtu anayetafutwa na kutafuta, itakurudisha kwenye simu yake. Jivu inaweza kukufaa, kwa sababu Qiao anafanya kazi. Analia kidogo halafu anatafuta nauli.

Kama uliachwa zamani, miaka mitano, kumi, umeshaoa au umeshaolewa na mtu mwingine na kuna jina moja ambalo ukilisikia bado unageuka, Kasri imetengenezwa kwa ajili yako. Iangalie peke yako. Sehemu ya Beidaihe, pwani, wanapoonana tena baada ya miaka, usiisimamishe hata kama mlango unagongwa.

Kama mnaangalia wawili, inategemea mmefika wapi. Wapya, Mto, mtabishana usiku kucha kama Meimei ndo Moudan, na mabishano hayo ni mazuri. Waliokaa pamoja muda mrefu, Jivu, ila mkubaliane kabla kwamba hakuna kuulizana "wewe ungenipigia risasi hewani?" Mimi niliulizwa. Nilichelewa kujibu sekunde mbili tu, na mpaka leo hizo sekunde mbili zinatajwa kwenye kila ugomvi, hata ule wa nani kaacha mlango wa friji wazi.

Na kama wewe ni mtu wa historia zaidi ya mapenzi, mpangilio unageuka. Kasri kwa ajili ya 1989 na kizazi kilichotawanyika, Jivu kwa ajili ya Fengjie na miji iliyozama, Mto kwa ajili ya Shanghai ambayo tingatinga lilishaifikia. Hapo unaweza kuziangalia kwa mwaka zilivyotoka, 2000, 2006, 2018. Ila weka wiki moja katikati ya kila moja. Mimi niliziangalia mfululizo wikiendi moja ya mvua na Jumatatu kazini watu waliniuliza kama nimefiwa.